Mtumishi na Mlinzi: Bodi ya Umeme ya Kupikia Pombe Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya matumizi ya umeme katika kazi ndogo ndogo za nyumbani. Nimechagua kazi moja tu, nayo ni upikaji wa pombe ya kienyeji. Najua wapo kati yetu wasioigusa, na ninawaheshimu. Lakini hakuna asiyejua kwamba ada na madaftari ya baadhi yetu yalitoka katika mapipa ya mama zetu na shangazi zetu, huko Handeni na hapa Korogwe.

Akina mama hao walipika kwa kuni, na wengi wanapika hivyo hata leo. Umeme wenyewe si mgeni kwetu. Kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilijengwa katika miaka ya 1960, na kile kipya cha Maporomoko ya Pangani, megawati 68, kilikamilika mwaka 1995. Hata hivyo, kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vijiji bila kushuka. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na sasa zinashuka. Basi kijana anamnunulia mama yake hita, anaitumbukiza ndani ya pipa, anaunga waya kwenye soketi, na mama anakoroga kwa mikono iliyolowa. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Kwanza tufanye hesabu. Kuchemsha lita 50 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 kunahitaji uniti 4 na nusu hivi za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea. Hita ya kilowati 3 itaifanya kazi hiyo kwa muda wa saa moja na nusu, au zaidi kidogo. Kwa umeme wetu wa volti 230, hita hiyo huvuta ampea 13. Mzigo huo ni mkubwa, wala haufai kubebwa na waya mwembamba wa taa. Utumike waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye njia yake peke yake kutoka kwenye bodi kuu ya nyumba, na sakiti breka ya ampea 16.

Wengi huishia hapo. Wanasema, "Breka ipo, tumesalimika." La hasha! Breka ile hulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Umeme wa ampea 0.03 tu ukipita kifuani unatosha kuhatarisha maisha. Breka ya ampea 16 inangoja mara 500 ya kiasi hicho kabla ya kushtuka.

Mtasema, "Lakini tumechimbia waya wa ardhi." Vema, na uchimbiwe. Ufungwe kwa skrubu kwenye pipa lenyewe, na kwenye kasha la bodi kama ni la chuma. Lakini udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na mnaijua Handeni wakati wa kiangazi. Tuseme fito la ardhi lina ukinzani wa omu 50. Hita ikivuja na pipa likapata umeme, zitapita ampea 4.6 tu kwenda ardhini. Breka itatulia kimya kama hakuna lililotokea, na pipa litabaki na umeme likimngoja mpishi.

Kwa hiyo kifaa cha lazima kabisa ni kile ambacho mafundi hukiita RCD, cha miliampea 30. Chenyewe hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua njiani, maana yake kuna mahali unapovujia, pengine ndani ya mwili wa mtu, nacho hukata mara moja. Kina kitufe cha kujaribia; kibonyezwe kila mwezi. Kisipokata, kibadilishwe kabla ya kupika tena.

Sasa nije kwenye bodi yenyewe. Umeme upite kwa utaratibu huu: kwanza swichi kuu inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, kisha RCD, kisha breka, kisha kontakta inayofungwa na kufunguliwa kwa kitufe chekundu, na mwisho kidhibiti joto na rilei yake, ndipo hita. Kidhibiti joto kina faida kubwa, kwani kimea hugeuza wanga kuwa sukari vizuri kwenye nyuzi 65 hivi, na uji ukipita nyuzi 80 nguvu hiyo hufa. Mama alipima kwa kidole na uzoefu. Kifaa hiki hupima kwa namba.

Lakini kidhibiti ni mtumishi, si mlinzi. Rilei zisizo na sehemu inayocheza, ambazo ndizo zinazouzwa pamoja na vidhibiti hivi, zikiharibika mara nyingi hubaki zimefunga, yaani hita huendelea kuwaka hata kidhibiti kikisema basi. Ndiyo sababu nikaitaja kontakta mbele yake. Sisi watumishi wa serikali tunaijua kanuni hii: anayeidhinisha malipo na anayelipa wasiwe mtu mmoja. Na kwenye bodi ni vivyo hivyo: kinachoongoza kazi na kinacholinda uhai visiwe kifaa kimoja.

Yako mengine madogo yasiyo madogo. Kasha lifungwe ukutani, mbali na mvuke, na nyaya ziingie kwa chini ili maji yasizifuate hadi ndani. Hita isiwashwe pipa likiwa tupu. Tena tahadhari na rangi: katika nyumba za zamani waya mweusi ni nyutro, lakini katika rangi mpya nyutro ni bluu, na mweusi waweza kuwa wa moto. Pimeni, msikisie. Na kazi yote ifanywe au ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Nikumbushe pia kwamba pombe ya kuuza inahitaji kibali, na kwamba kukeneka gongo kulikatazwa na sheria ya mwaka 1966. Bodi hii ni ya kuchemshia tu.

Ndugu zangu, nina ombi moja. Kabla hujampelekea mama hita, mpelekee kwanza RCD na fundi wa kuifunga. Hita humpunguzia kuni. RCD humrudisha jioni kwa wajukuu wake. Kama fedha haitoshi kununua vyote viwili, basi aendelee na kuni kwa mwezi mmoja zaidi, nawe uendelee kuweka akiba.