Kaburi la Kaisari Augusto na Yaliyofukuliwa Kandokando Yake

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kaburi moja lililo katika mji wa Roma, nchi ya Italia. Ni kaburi la Kaisari Augusto, yule ambaye jina lake limetajwa katika Injili ya Luka, katika habari za kuandikwa hesabu ya watu. Nitawaeleza jinsi lilivyojengwa, jinsi lilivyosahauliwa, na jinsi lilivyofukuliwa. Kisha mtaona kwamba kuchimba mambo ya kale kwaweza kuleta elimu, na pia kwaweza kuipoteza.

Augusto alianza kulijenga mwaka wa 28 kabla ya kuzaliwa Kristo, naye alikuwa hajatimiza miaka 40. Kwa nini mtu wa umri huo ajijengee kaburi? Wanachuoni wengi husema sababu yake ni siasa. Adui yake Antonius alikuwa amejulikana kwamba ataka kuzikwa Misri pamoja na malkia Cleopatra, na jambo hilo liliwachukiza Warumi. Augusto akataka kila mtu aone kwa macho yake kwamba yeye na jamaa yake watalala Roma.

Kaburi lenyewe ni jengo la duara, na upana wake wapata futi 290. Ndani yake mna kuta nene, moja ikizunguka nyingine, na juu yake palikuwa na kilima cha udongo kilichopandwa miti isiyopukutika majani. Mbele ya mlango zilisimamishwa nguzo mbili ndefu za mawe mekundu, na palikuwa na maandishi yaliyochorwa katika shaba kueleza matendo yote ya Augusto. Shaba hiyo imepotea. Lakini maneno yake yalichongwa pia katika kuta za hekalu lililoko Ankara, nchi ya Uturuki, na kwa hiyo twaweza kuyasoma hata leo.

Warumi wa zamani hizo walikuwa wakichoma maiti na kuhifadhi majivu. Wa kwanza kuwekwa humo alikuwa Marcellus, mpwa na mkwe wa Augusto, mwaka wa 23 kabla ya Kristo. Augusto mwenyewe alifuata mwaka wa 14 baada ya Kristo, akiwa na miaka 75. Binti yake Julia hakuruhusiwa kuwekwa humo, kwa kuwa baba yake alimkasirikia. Mjukuu wake Agrippina alikufa uhamishoni mwaka wa 33, na miaka minne baadaye mwanawe Caligula, alipopata ukaisari, alisafiri baharini mwenyewe kuyaleta majivu ya mama yake.

Lakini utukufu wa dunia hupita. Dola ya Roma ilipoanguka, kaburi likawa ngome ya watu wakubwa wa mji, kisha likawa bustani, kisha uwanja wa kupigana na mafahali. Tangu mwaka 1908 hata 1936 lilikuwa ukumbi mkubwa wa muziki. Na lile jiwe la marumaru lililotobolewa kuwekwa majivu ya Agrippina likatumiwa kuwa kipimo cha nafaka sokoni! Jiwe hilo lingaliko Roma katika nyumba ya mambo ya kale, na jina la Agrippina lasomeka juu yake.

Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1926, na katika kazi hiyo ulipatikana ubao wa marumaru wenye jina la Marcellus na la mama yake Octavia. Lakini mwaka 1934 Mussolini, aliyekuwa akiitawala Italia, alishika sururu mwenyewe na kuanza kubomoa mtaa uliozunguka kaburi. Alitaka kila kitu kiwe tayari kwa sikukuu ya miaka 2,000 tangu kuzaliwa kwa Augusto, ili watu wamfananishe yeye na Kaisari. Nyumba zaidi ya mia moja zikavunjwa, na wenyeji wake wakahamishwa.

Kazi nyingine ya wakati ule yastahili sifa. Si mbali na hapo, chini ya jumba kubwa, ilikuwako madhabahu ya Amani, iliyowekwa wakfu mwaka wa 9 kabla ya Kristo. Kila walipochimba, maji yalifurika, nalo jumba lilikuwa karibu kuanguka. Basi mwaka 1937 mafundi walizungusha mabomba ardhini, wakaugandisha udongo uliojaa maji hata ukawa ukuta mgumu wa barafu, wakatoa mawe ya madhabahu salama. Yaliunganishwa na kusimamishwa kando ya kaburi mwaka 1938.

Hata hivyo, hasara ilikuwa kubwa. Ardhi ya mji wa kale ni kama kitabu. Kila tabaka la udongo ni ukurasa. Tofauti yake ni hii: ukiisha kulichimbua tabaka, umeuchana ukurasa huo, wala huwezi kuusoma tena. Mussolini alitaka ukurasa wa Augusto tu, na kurasa za watu wa baadaye, mafundi na wenye maduka, zikatupwa pamoja na kifusi.

Wataalamu wa siku hizi huenda polepole. Mwezi wa Juni 2021, mafundi walipokuwa wakitengeneza mifereji ya maji machafu karibu na kaburi, walikuta jiwe lililosimama mahali pake. Ni jiwe la mpaka mtakatifu wa mji, lililowekwa na Kaisari Claudius mwaka wa 49. Kwa sababu halikung'olewa ovyo, limewaonyesha wanachuoni mahali hasa ulipopita mpaka huo.

Basi, Mabibi na Mabwana, thamani ya kitu cha kale haimo katika kitu chenyewe tu. Imo pia katika mahali kilipolala na katika vitu vilivyolala pamoja nacho. Achimbaye kwa kutafuta sifa atapata mawe. Achimbaye kwa subira atapata habari za watu.