Sindano ya Nguvu Si Sindano ya Uzazi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufamasia. Nimechagua jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kulisema hadharani: mume kukosa mtoto, na dawa za homoni anazozikimbilia.

Kwetu Dutumi, na upande wote wa Kibaha na Kisarawe, ndoa ikikaa bila mtoto lawama humwangukia mke. Kwa jadi ya Wazaramo, mwali alikabidhiwa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, aitunze kama mtoto wake. Dhamana ya uzazi alibebeshwa yeye. Lakini utaalamu wa leo umeonyesha kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii mume naye ana sehemu yake, ama peke yake, ama pamoja na mkewe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la uzazi wakati fulani maishani. Basi jambo hili halipo mbali na ukumbi huu.

Mwanamume mmoja wa upande wetu, ambaye simtaji, alikuja dirishani kwangu kutaka sindano za testosteroni. Alikuwa amezichoma karibu mwaka mzima, baada ya kuambiwa kwamba zitamwongezea mbegu. Muda huo wote mkewe alikuwa akizungushwa kwa waganga. Nguvu alizipata, na kifua kilitanuka, lakini mimba haikuingia. Nilimwomba kwanza akapime shahawa, kipimo ambacho hakuwahi kukifanya. Haikuonekana hata mbegu moja.

Kwa nini? Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Hii ni kama mnyapara wa shamba la mkonge. Hutuma amri mbili kwenye korodani: homoni ya LH, inayoziamuru zitengeneze testosteroni, na homoni ya FSH, inayosaidia kukuza mbegu. Mtu akichomwa testosteroni kutoka nje, mnyapara huona ghala limejaa, naye huacha kutuma amri. Korodani hulala. Tena, ili mbegu zikue, testosteroni ndani ya korodani hutakiwa iwe nyingi mara nyingi kuliko ile ya kwenye damu, na sindano haiwezi kuifikisha huko.

Haya si maneno ya mtaani. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Shirika la Afya Duniani katika nchi 7. Wanaume 271 wenye afya walichomwa testosteroni miligramu 200 kila wiki. Katika muda wa miezi 6, wanaume 157 hawakuwa na mbegu kabisa. Wale walioendelea walizitegemea sindano hizo peke yake kuzuia mimba kwa mwaka mmoja, na mimba moja tu ndiyo iliyotungwa. Yaani, dawa anayoinunua mtu ili apate mtoto ndiyo iliyojaribiwa kama dawa ya uzazi wa mpango!

Je, hakuna homoni zinazosaidia? Zipo. Wako wanaume ambao mnyapara wao hatumi amri, wengine tangu kuzaliwa, na baadhi yao hata harufu hawasikii. Hao huchomwa homoni ya hCG, inayofanya kazi ya LH, na baadaye huongezewa FSH. Matibabu huchukua miezi mingi, pengine hata miaka miwili, lakini wengi wao hupata mbegu. Ipo pia klomifeni, dawa ya vidonge iliyoanza kwa wanawake, ambayo humwamsha mnyapara aongeze amri. Daktari huweza kumpa mwanamume aliyechaguliwa kwa vipimo, ingawa faida yake si kubwa kwa kila mtu.

Lakini homoni haifungui mrija uliozibwa na kisonono. Haifufui korodani zilizoharibiwa na matubwitubwi ya ukubwani. Mishipa iliyovimba juu ya korodani huenda ikahitaji upasuaji. Na kama kipimo cha damu kinaonyesha FSH iko juu sana, maana yake mnyapara anapiga kelele na kiwanda hakiitiki. Kuongeza kelele hakusaidii.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Mwaka mmoja ukipita bila mimba, nendeni hospitali wawili, mume na mke. Mume apimwe shahawa, na kipimo kirudiwe, maana idadi ya mbegu hubadilika. Kisha ndipo damu ipimwe homoni. Anzeni hospitali ya wilaya au Tumbi. Ikibidi mtapelekwa Muhimbili. Dawa hizi ni za cheti cha daktari. Msinunue kwa rafiki wala kwa mchuuzi.

Ninyi vijana mnaotamani misuli, sikilizeni pia. Sindano za kujaza mwili ni za ukoo huo huo. Mbegu moja huchukua takriban miezi mitatu kutengenezwa, na baada ya kuacha sindano korodani huweza kuchukua miezi 6 hadi 12, wengine zaidi, kuamka. Anayezitumia sasa asifiche. Amwone daktari amsimamie kuziacha.

Yule ndugu yetu aliziacha chini ya uangalizi wa daktari. Mwezi wa nane mbegu zilianza kuonekana, chache. Mtoto bado. Lakini mkewe hazungushwi tena kwa waganga, na kliniki wanakwenda pamoja. Mume aliyekubali kupimwa hajapungukiwa uanaume hata chembe.

Mwenye swali asiloweza kuuliza hapa, anifuate chini ya mwembe baada ya chakula.