Kimya Barazani Si Ridhaa: Lugha ya Mwili kwa Wanaosema na Wananchi

*Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti katika mafunzo ya wasimamizi wa wadi, wasimamizi wa vijiji na maafisa wa nyanjani wanaoendesha vikao vya ushirikishwaji wa umma. Tunayachapisha kwa manufaa ya wasomaji wote.*



Nimepewa mada ya lugha ya mwili. Shuleni tuliifundishwa kwa jina la viziada lugha: macho, mikono, uso, kiimbo, mavazi, umbali baina ya msemaji na msikilizaji. Huenda mtu akajiuliza kwa nini serikali ya kaunti itumie asubuhi nzima kujadili mikono na macho, ilhali barabara na maji yanasubiri. Jibu langu ni kwamba barabara na maji hayo huamuliwa barazani, na barazani watu wetu husema mengi bila kufungua mdomo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 10, inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili na misingi ya utawala. Ibara ya 174 inasema ugatuzi upo ili wananchi washiriki katika maamuzi yanayowahusu, na Ibara ya 196 inalipa bunge la kaunti wajibu wa kuwezesha ushiriki huo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyostahili. Funzo kwetu ni kwamba tangazo na orodha ya mahudhurio havitoshi. Ushiriki lazima uwe wa kweli.

Sasa chukueni kumbukumbu za mkutano wowote mliouandika. Mara nyingi mtaikuta sentensi hii: "Wananchi walikubaliana kwa kauli moja." Mimi kazi yangu ni kuchagua picha za jarida, na picha haziandiki muhtasari. Utamwona mama amejifunika mdomo kwa leso na kumwegemea mwenzake. Utawaona vijana wamesimama nyuma kabisa, mikono imefumbatwa kifuani. Utamwona mzee ameinamisha kichwa, bakora katikati ya magoti. Hiyo ndiyo kauli moja? Wako wanaopenda kusema kunyamaza ni kukubali. Wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Aliyesema bila hotuba ndefu

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu wa jambo hili. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilitaka Wagiriama watoe vibarua kwa mashamba na walipe kodi ya nyumba. Mekatilili wa Menza alizunguka kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma iliyojulikana kuwa ya matanga. Fikirini maana yake. Watu wakisikia kifudu hutoka, kwa kuwa kuna msiba. Walipofika hawakuhitaji kuelezwa kwa kirefu kwamba nchi imo hatarini. Ngoma ilikwisha kuwaambia.

Tena kuna kisa kinachosimuliwa hadi leo. Inasemekana alifika kwenye mkutano wa Arthur Champion, ofisa Mwingereza, akiwa na kuku na vifaranga. Akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion alipounyosha mkono, kuku akamdonoa. Ndivyo mama wa Kigiriama atakavyofanya mkiwachukua wanawe, ndiyo iliyokuwa maana. Masimulizi yanatofautiana katika baadhi ya mambo, lakini kila anayekisimulia huanza na kuku, maana kitendo hukumbukwa kuliko maneno.

Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, na mwaka uliofuata Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Mikutano ya maofisa ilikuwapo wakati wote huo. Wananchi waliitwa, wakahutubiwa, wakatazamwa. Utawala uliowahutubia ulihesabu vichwa na haukusoma nyuso, na gharama yake ilikuwa vita.

Hadithi ya asilimia 93

Kabla sijaingia kwenye mazoezi, niondoe kosa moja linalorudiwa katika semina nyingi. Mmewahi kuambiwa kwamba maneno yana asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti asilimia 38 na mwili asilimia 55. Takwimu hizo zilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967 nchini Marekani. Alikuwa akichunguza jambo jembamba: msikilizaji anaamini nini kuhusu hisia za msemaji pale neno, sauti na uso vinapopingana. Majaribio yalitumia neno mojamoja. Hayakuhusu hotuba, wala bajeti ya wadi.

Kama maneno yangekuwa asilimia 7 tu, ungeweza kueleza mradi wa kisima kwa kutikisa mabega. Haiwezekani. Ukweli ulio na manufaa ni mdogo zaidi: maneno na mwili vikigombana, watu huuamini mwili. Ukisema "tumekuja kuwasikiliza" huku unatazama saa, wamekwisha kupata jibu.

Mwili wako unaanza kusema kabla yako

Tuanze na viti. Edward Hall, mtaalamu wa Marekani aliyeandika kuhusu umbali mwaka 1966, alisema kwamba kwao, mtu akizidi takriban mita 3.6, mazungumzo hugeuka kuwa hotuba ya hadharani. Hall mwenyewe alisisitiza kwamba vipimo hutofautiana baina ya jamii na jamii, kwa hiyo msije na futi kamba. Lakini tazameni baraza zetu. Meza kuu iko chini ya hema, ina kitambaa na chupa za maji. Wananchi wako juani, au wamejibanza kwenye kivuli cha mkorosho hatua ishirini kutoka hapo. Kabla hujasema "karibuni", viti vimesema nani mwenyeji na nani mpita njia. Sogeza meza. Bora zaidi, iache meza, uchukue kiti cha plastiki kama walivyokalia wao, ukae nao kivulini.

Macho. Vitabu vya kigeni hutuagiza tumkazie macho kila mtu. Kwetu, kijana anayezungumza na mzee huinamisha macho kwa heshima, na wanawake wengi hawatamkazia macho mgeni wa kiume. Usimhesabu mtu kama huyo kuwa mwongo au mwoga. Wewe msemaji, yapitishe macho yako kwa upole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na yasiishie safu ya mbele. Kina mama waliokaa pembeni wanajua kama umewatazama hata mara moja. Na miwani ya jua ivuliwe. Mtu asiyeona macho yako hawezi kujua unamsikiliza au umelala.

Mikono. Kumnyooshea mtu kidole ni kumshtaki. Ukitaka kumpa nafasi aseme, elekeza kiganja kilicho wazi. Mkono wa kulia ndio wa kutoa na kupokea, na karatasi ya mzee ipokewe kwa heshima, si kwa kunyakua. Wapo kina mama na kina baba wasiopeana mikono na mtu wa jinsia nyingine kwa sababu ya dini. Weka kiganja kifuani, inama kidogo, salamu imefika. Ukiingia mbele ya wazee, kofia ivuliwe, isipokuwa ile inayovaliwa kwa dini.

Simu. Hii niiseme kwa ufupi: ikiwa mezani kifudifudi bado inasema una jambo muhimu zaidi. Iweke mfukoni.

Sauti. Kipaza sauti kinakuza sauti, hakikuzi maana. Afisa anayepiga kelele anaonekana mwenye hasira hata akitangaza habari njema. Punguza mwendo, shusha sauti mwisho wa sentensi, upumzike. Ukitumia mkalimani wa Kigiriama, mtazame mwananchi aliyeuliza, usimtazame mkalimani. Swali si la mkalimani.

Kuwasoma wananchi bila kuwasingizia

Sehemu ngumu zaidi ni kusoma. Ishara moja ina maana nyingi. Mikono kifuani yaweza kuwa hasira, yaweza kuwa baridi ya asubuhi. Kicheko chaweza kuwa furaha, na chaweza kuwa haya ya mtu aliyeguswa pabaya. Kwa hiyo nawapa kanuni tatu.

Kwanza, tafuta mabadiliko. Watu waliokuwa wakiitikia "eeh" na kutikisa vichwa, kisha wakanyamaza ghafla ulipotaja mipaka ya ardhi, wamekuambia jambo. Swali la kujiuliza ni nini ulichokisema dakika ile.

Pili, tafuta ishara zinazokuja pamoja. Mmoja akibetua mdomo, huenda ni tabia yake. Wakibetua watatu, mwingine akafyonya, na kina mama wakaanza kunong'onezana nyuma ya leso, hapo pana neno.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, usiiandike ishara kama jibu. Igeuze iwe swali. Usiseme "naona hamtaki". Sema, "Nimeona tulipofika kwenye mahali pa kujenga zahanati, mazungumzo yalipoa. Labda kuna jambo hatujalielewa. Wazee wetu, kina mama, tusaidieni." Kisha unyamaze. Hesabu moyoni mpaka kumi. Wengi wetu hatufiki tatu. Kimya hututisha, tunakijaza kwa maneno yetu wenyewe, na yule mama aliyekuwa akikusanya ujasiri anarudi kukaa.

Na kama kimya kinaendelea, chanzo huenda ni kikao chenyewe. Mke hatampinga mumewe mbele ya kijiji, na kijana hatamkosoa baba yake. Wagawe: kina mama kando, vijana kando, wazee kando, kila kundi na mwandishi wake, kisha mrudi pamoja. Mtashangaa ni kiasi gani "kauli moja" ilikuwa kauli ya watu watano.

Wanaosema kwa mikono

Siwezi kumaliza bila kuwataja wenzetu viziwi. Ibara ya 7 ya Katiba inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na Ibara ya 120 inaifanya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Hii ni lugha kamili, yenye msamiati na sarufi yake, na uso ni sehemu ya sarufi hiyo. Kwa hiyo mkalimani wa ishara asiwekwe nyuma ya bango au mahali ambapo jua linamtoka mgongoni. Akae karibu na msemaji, kwenye mwanga, na viziwi wakae mbele wakimwona vizuri. Wapiga picha wetu nao wasimkate kwenye video. Kumkata mkalimani ni kumzibia mtu masikio kwa makusudi.

Mnachoondoka nacho

Kaunti yetu ina wadi 35, kuanzia fuo za Malindi na Kilifi hadi nyika za Ganze na Magarini. Ishara za baraza la Rabai si lazima ziwe za baraza la Marafa. Ninyi mnaoishi na watu hao ndio wataalamu, kuliko kitabu chochote na kuliko mimi.

Ninaomba mambo mawili tu katika baraza lenu lijalo. La kwanza, mtu mmoja kati yenu asikae meza kuu. Akae nyuma na daftari, aandike ni wakati gani watu walichangamka, walinyamaza au waliondoka, na hoja iliyokuwa ikizungumzwa. La pili, kabla ya kuandika "wananchi walikubaliana", mwulizeni mwandishi huyo aliona nini. Kama aliona kimya, kiandikwe kimya, na hoja ile irudishwe kwa wananchi kabla ya kupelekwa makao makuu.

Zahanati iliyojengwa mahali watu walipopanyamazia itabaki bila wagonjwa, na sote tutauliza kwa nini, ilhali tulikwisha kuambiwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nimewaona waliotikisa vichwa, na nimewaona wawili waliokunja uso nilipotaja simu. Hao wawili ndio nitakaoanza nao wakati wa maswali.