Majina ya Programu za Mitandao ya Wingu: Kuyatamka, Kuyasikia na Kuyaandika
Mada kwa mafundi wa kompyuta, Katonga, Kigoma



Fundi anayefanya kazi peke yake hasumbuliwi na matamshi. Shida huanza pale huduma inapokatika usiku na maelekezo yakapitia kwenye simu: mmoja yuko hapa Katonga, mwenzake Dar es Salaam, wa tatu Bujumbura au Kalemie. Jina likisikika vibaya litaandikwa vibaya, na wateja wataendelea kusubiri.

Tuanze na Nginx, programu aliyoitoa Igor Sysoev mwaka 2004, ambayo hupokea maombi ya watumiaji na kuyagawa kwa seva. Mswahili akiliona jina hili hulianza kwa "ng" ya ngano. Wenyewe hulitamka "enjini eksi". Sasa mwambie kwa simu mtu asiyewahi kuliona, "washa enjini eksi": ataandika e, n, g, i, n, e, na kompyuta itamjibu kwamba hakuna kitu hicho. Traefik, inayofanya kazi kama hiyo, hutamkwa "trafiki" tu, lakini ina e katikati inayomponyoka kila anayeandika kwa sikio.

Wapo wanaosema basi tutaje herufi moja moja. Hapa mpakani dawa hiyo ina madhara yake. E ya Kiingereza sisi tunaisikia "i", na A yao tunaisikia "e". Mwenzetu aliyesoma kwa Kifaransa kule Uvira akisema "je" anataja G, wakati shuleni kwetu "je" ni J. Akisema "ji" anataja J. Aliyezoea Kiingereza ataandika G. Chukueni etcd, ghala ambamo Kubernetes, programu inayosimamia programu nyingine kwenye seva za wingu, hutunza kumbukumbu za hali yake: ikitajwa "i-ti-si-di", wangapi kati yetu wataanza na e?

Kubernetes yenyewe, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Wamarekani humalizia kwa "tiz". Anayemalizia kwa "tes" asione aibu, maana yuko karibu zaidi na Kigiriki cha kale. Amri yake, kubectl, hata waliobobea huitamka kwa namna tatu: "kyub-kontroli", "kyub-kato" na "kyub-si-ti-el". Yoyote inafaa, mradi kikosi kizima kitumie hiyo hiyo.

Lisilovumilika ni kusikia mtu wa Kigoma akisema "yubantu". Ubuntu, mfumo unaoendesha seva nyingi za wingu, ulipewa jina la Kibantu kutoka kusini mwa Afrika. Anayejua Kiha au Kirundi hahitaji mwalimu wa jina hili. Tulitamke kama lilivyoandikwa.

Pendekezo langu ni hili: kwenye simu, taja jina kwa matamshi mliyokubaliana, kisha litaje kwa herufi zilizofungwa kwenye majina tunayoyajua wote. Nginx iwe N ya Nguruka, G ya Gombe, I ya Ilagala, N ya Nguruka, X ya alama ya kukosa. Anayepokea ayarudie yote kabla ya kubonyeza kitufe. Naomba tusiondoke hapa leo kabla ya kuandika orodha hiyo kwa kila programu tunayoitumia, na kila ofisi iibandike karibu na simu.