Kura na Mto: Fundisho la Watu wa Baram



Tumepewa mada ya uchaguzi na utunzaji wa mazingira. Ni mada pana, na mara nyingi tumeizungumza kwa maneno makubwa yasiyomfikisha mtu popote. Kwa hiyo safari hii tumeona vema tuwaeleze habari za mto mmoja na watu wake. Mto huo ni Baram, katika Sarawak, kisiwani Borneo, nchini Malaysia. Swali letu ni moja: je, kura ya mwanakijiji yaweza kuulinda mto anaokunywa maji yake?

Nchi na watu wake

Sarawak ni dola mojawapo kati ya 13 zinazounda Shirikisho la Malaysia. Iliingia katika shirikisho hilo mwaka 1963, nayo ina bunge lake na mkuu wake wa serikali, aliyeitwa Waziri Kiongozi hadi mwaka 2022. Hatuna budi kulikumbuka jambo moja tangu mwanzo: kwa katiba ya nchi hiyo, ardhi na misitu vimo mikononi mwa serikali ya dola, wala si mikononi mwa serikali kuu iliyoko Kuala Lumpur.

Kando ya Baram na vijito vyake wanaishi Wakayan, Wakenyah, Wapenan na makabila mengine madogo. Wengi wao ni Wakristo. Wakayan na Wakenyah hukaa katika nyumba ndefu, yaani jengo moja lenye makumi ya familia, kila familia na chumba chake, na mbele yake baraza moja la wote. Hulima mpunga wa mlimani, huvua samaki na kuwinda. Wapenan kwa vizazi vingi walihamahama msituni wakitafuta chakula chao katika mti wa sago na wanyama wa porini. Kwa watu hao wote mto ni barabara, ni kisima na ni ghala ya kitoweo. Mto ukichafuka, hakuna sehemu ya maisha yao isiyoguswa.

Magogo na vizuizi

Katika miaka ya 1980 kampuni za magogo zilipanda Baram hadi vyanzo vyake. Leseni za kukata miti zilitolewa na wakubwa wa dola, na wanavijiji walipata habari matingatinga yalipokwisha kufika. Mwaka 1987 Waziri Kiongozi, Taib Mahmud, aligombana hadharani na mjomba wake aliyemtangulia katika cheo hicho, na kila mmoja akatangaza orodha ya leseni alizodai mwenzake aliwagawia ndugu na marafiki. Hivyo wananchi wakajua kwa vinywa vya wakubwa wenyewe jinsi misitu ilivyogawanywa.

Mwaka huohuo wa 1987, kuanzia mwezi Machi, Wapenan na majirani zao waliweka vizuizi vya miti na kamba katika barabara za magogo, wakasimama nyuma yake pamoja na wake na watoto wao. Hawakuchukua silaha dhidi ya mtu. Serikali ilijibu kwa kuwakamata na kwa kubadili sheria ya misitu, ikafanya kuzuia barabara ya magogo kuwa kosa la jinai. Mwezi Oktoba, serikali kuu ilipowatia kizuizini watu zaidi ya 100 nchini kote bila kuwafikisha mahakamani, miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja Mkayan wa Baram, Harrison Ngau, aliyekuwa akiwasaidia wanavijiji katika ofisi ndogo ya chama cha mazingira mjini Marudi.

Mbunge aliyetoka kizuizini

Mwaka 1990 Harrison Ngau alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Goldman kwa kazi yake ya kutetea mazingira. Fedha za tuzo alizitumia kugombea ubunge wa Baram. Hakuwa na chama. Alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya muungano uliotawala nchi tangu uhuru, naye akashinda. Watu wa mto walikuwa wamempeleka bungeni mtu ambaye miaka mitatu tu kabla ya hapo alikuwa mahabusu.

Je, ukataji wa magogo ulikoma? La. Mwaka huohuo wa 1990 wajumbe wa shirika la kimataifa la mbao za tropiki walishauri Sarawak ipunguze mavuno ya misitu yake hadi mita za ujazo milioni 9.2 kwa mwaka. Mavuno ya wakati ule yalikuwa karibu mara mbili ya hayo. Mbunge wa Baram aliweza kusema Kuala Lumpur, na alisema. Lakini leseni zilitolewa Kuching, makao makuu ya dola, ambako hakuwa na kiti. Alitumikia kipindi kimoja hadi mwaka 1995, na baadaye akawa wakili wa kuwatetea wanavijiji katika kesi za ardhi.

Tusiseme kwamba ushindi ule ulikuwa bure. Lakini ulifundisha jambo ambalo wengi hulijifunza wakiwa wamechelewa: kabla ya kumtuma mtu, yafaa kujua ufunguo wa mlango uko kwa nani.

Jinsi kura inavyopigwa mtoni

Huenda mtu akauliza: ikiwa wananchi wa mashambani wanaonewa hivyo, mbona wameendelea kuwachagua walewale? Ni swali la haki, nalo linahitaji jibu lisilo na dharau.

Jambo la kwanza ni umbali. Mgombea wa upinzani apandaye Baram hulipia mashua, mafuta na magari ya kupita njia za matope, siku baada ya siku, kwa ajili ya nyumba chache zilizotawanyika. Mgombea wa serikali huweza kufika kwa helikopta.

Jambo la pili ni posho. Mkuu wa nyumba ndefu hutambuliwa na serikali na hupokea posho yake. Akisimama upande wa wapinzani, hatakosa kufikiri juu ya posho hiyo. Madiwani nao huteuliwa, kwa maana uchaguzi wa serikali za mitaa ulisimamishwa Malaysia mwaka 1965 na haujarudishwa.

Jambo la tatu ni miradi midogo: mabati, tangi la maji, jenereta, gati la mashua. Fedha za miradi hiyo hupitia kwa wawakilishi wa upande wa serikali, na majimbo yaliyochagua upinzani yamezoea kunyimwa. Mama anayechota maji mtoni kwa ndoo hawezi kulaumiwa akilitamani tangi.

Jambo la nne ni hofu. Kura huhesabiwa kituoni zilikopigwa. Kituo kikiwa na wapiga kura makumi machache wa nyumba moja, kila mtu atajua usiku uleule nyumba hiyo imeelekea wapi. Karatasi ni ya siri, lakini nyumba haina siri.

Na mambo haya si ya Baram peke yake. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2013 vyama vya upinzani vilipata karibu asilimia 51 ya kura za Malaysia nzima, lakini vikapata viti 89 tu kati ya 222. Muungano uliotawala ulibaki na viti 133, na kati ya hivyo 47 vilitoka Sarawak na Sabah, dola mbili za Borneo zenye majimbo mengi ya mashambani. Kwa hiyo serikali ya nchi nzima ilisimama juu ya mabega ya watu wanaofikiwa kwa mashua. Walikuwa na nguvu kubwa kuliko walivyoambiwa.

Mabwawa

Baada ya magogo yakaja mabwawa ya umeme. Katika mto mwingine wa Sarawak, Balui, serikali ilijenga bwawa la Bakun lenye ukuta wa urefu wa mita 205. Ziwa lake limefunika kilometa za mraba zipatazo 700. Watu wapatao 10,000, wengi wao Wakayan na Wakenyah, walihamishiwa Sungai Asap kuanzia mwaka 1998. Kila familia iligawiwa ekari tatu za shamba, na wakadaiwa gharama za nyumba walizohamishiwa. Watu waliokuwa wakipata mboga, samaki na kuni bila senti mfukoni wakaanza maisha ya kununua kila kitu.

Watu wa Baram waliyajua hayo yote, kwani waliohamishwa walikuwa ndugu zao. Basi ilipotangazwa kwamba mto wao nao utazibwa kwa bwawa la megawati 1,200, hawakungoja kuelimishwa. Kwa makadirio ya waliopinga, vijiji 26 na watu hadi 20,000 wangeondolewa.

Mwezi Mei mwaka 2013, katika uchaguzi uleule tuliokwisha kuutaja, jimbo la Baram lilishindaniwa vikali. Mgombea wa upinzani, Roland Engan, alishindwa kwa kura 194 tu. Kwa hesabu ya vyama, hayo yalikuwa maanguko. Wangeweza kurudi nyumbani na kulia.

Hawakulia. Mwezi Oktoba mwaka huohuo waliweka vizuizi viwili katika njia za kwendea mahali pa bwawa. Walijenga vibanda, wakapangiana zamu kijiji kwa kijiji, wakapika pamoja, wakasali pamoja. Waliopigia kura serikali na waliopigia kura upinzani walikaa kibanda kimoja, kwa sababu maji hayaulizi kadi ya chama. Vibanda vilipobomolewa, walivijenga tena. Wengine walikwenda mahakamani kupinga ardhi yao kutwaliwa. Hivyo ikapita miaka miwili.

Mwezi Julai mwaka 2015 Waziri Kiongozi mpya, Adenan Satem, alisimamisha mradi. Mapema mwaka 2016 serikali yake ilifuta rasmi amri ya kutwaa ardhi ya mahali pa bwawa. Mwezi Mei mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa dola, na muungano wake ulishinda viti 72 kati ya 82. Aliusikiliza mto naye hakupoteza kitu mbele ya wapiga kura.

Tunayojifunza

Kwanza, kura ni mwanzo wa kazi. Mwaka 1990 watu wa Baram walishinda uchaguzi na magogo yakaendelea kuteremka. Mwaka 2013 walishindwa uchaguzi na mto ukaokolewa. Tofauti ilikuwa katika yale yaliyofanyika kati ya uchaguzi mmoja na mwingine: zamu za kukesha, kesi mahakamani, umoja usiovunjwa na vyama. Hata hivyo tusiidharau karatasi ya kura. Pengo la kura 194 liliwaonyesha wakubwa kwamba watu wale si mali yao.

Pili, mlinzi wa mto asijifunge kwa chama. Vyama huhama. Muungano uliokuwa ukitawala Malaysia tangu uhuru wa mwaka 1957 uliangushwa mwaka 2018. Kisha mwezi Novemba 2022 chama cha Roland Engan kiliunda serikali kuu pamoja na walewale wanaotawala Sarawak. Mpinzani wa jana ni mshirika wa leo. Mwanakijiji aliyeukabidhi mto wake kwa chama angekuwa sasa anatafuta wa kumlilia.

Tatu, ushindi hauna hati ya milele. Mwezi Desemba 2016, miezi michache tu baada ya furaha ya Baram, Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba desturi ya wenyeji ya kumiliki kwa pamoja eneo la msitu linaloizunguka nyumba ndefu haina nguvu ya sheria. Sheria ya ardhi ilirekebishwa mwaka 2018 ili kuitambua desturi hiyo kwa kiasi, lakini ikaiwekea kikomo cha ukubwa. Na miaka michache baada ya bwawa la Baram kufutwa, serikali ya dola ilianza kuzungumzia mabwawa mengine, likiwamo moja katika Tutoh, kijito cha Baram yenyewe. Zamu haijaisha.

Ndugu wapendwa, haki haifiki kijijini kwa mashua ya mgombea. Hukaa kwa watu wenyewe wanapokubali kujua sheria, kupangiana zamu, na kutouza leo kwa mabati kile ambacho wajukuu watakihitaji kesho. Wala tusimhukumu aliyeyapokea mabati. Tumsaidie alipate tangi lake kama haki ya raia, asilipwe nalo kwa kunyamaza.

Kwa mazungumzo yenu katika vikundi tunawaachia maswali haya:

1. Kwa nini ushindi wa mwaka 1990 haukusimamisha ukataji wa magogo? Nani hasa alikuwa na mamlaka juu ya misitu?

2. Watu wa vyama tofauti waliwezaje kukaa miaka miwili katika kibanda kimoja? Ni mambo gani huvunja umoja wa namna hiyo?

3. Mtu maskini anapopewa mradi kwa ajili ya kura yake, ni nani mwenye kosa, na jirani zake wana wajibu gani?