Damu ya choo tusiifiche: maneno juu ya kansere ya utumbo

(Maneno ya muuguzi wetu mbele ya mkutano wa wanachama, Kanyaruchinya)



Juzi tulichanga feza za sanduku kwa kumzika mzee wetu. Yeye alikuwa anaona damu kwenye choo tangu tulipokuwa mahemani. Kila mara alipewa dawa ya amiba. Tuliporudi, akanyamaza juu ya haya. Alipomufikia daktari wa upasuaji, kansere ya utumbo mkubwa ilikuwa imekwisha kuingia kwenye ini.

Tangu mazishi, munaniuliza: watoto wetu walio Ulaya na Marekani wanaandika kwenye simu eti kuko kipimo cha damu kinachoona kansere hii mapema. Iko kweli?

Iko kweli, lakini tusikie vizuri. Seli za kansere zikifa, vipande vya ADN yao vinaingia ndani ya damu, na mashine inavitafuta. Mwezi wa 7, 2024, Marekani iliruhusu kipimo kimoja, Shield, kwa watu wa miaka 45 na zaidi. Kwenye utafiti wake wa watu karibu 8.000, kati ya wagonjwa 100 wa kansere kiliona 83. Ni vizuri. Lakini vile vinyama vya hatari ambamo kansere inaanziaga, kiliona 13 tu kwa 100. Na kati ya watu 100 wazima, 10 hivi wanaambiwa labda ni wagonjwa. Kwa hiyo mwenye kupata jibu baya lazima bado apite kwenye kamera ya utumbo. Bila kamera, anarudi nyumbani na woga tu.

Kuko kingine cha zamani, ACE, kilichojulikana tangu 1965 kule Montréal. Musimalize feza zenu kwa kukitafutia kansere. Kazi yake kubwa ni kumfuata mgonjwa aliyekwisha kupatikana. Mtu anaweza kuwa na kansere na ACE yake iko sawa. Mvuta tumbako anaweza kuwa nayo juu bila kansere.

Sasa sisi hapa? Kuko kipimo cha damu cha bei ndogo: emoglobini. Baba, ao mama aliyekwisha kuacha kuona mwezi, akipungukiwa damu, tuulize inapotelea wapi. Inaweza kuwa malaria ao minyoo, ndiyo. Lakini akipewa dawa za kuongeza damu, ikapanda, kisha ikashuka tena, kuko mahali inavuja. Nani kati yetu anaongezaga maji kwenye tanki kila siku bila kutafuta tundu? Na tujue: emoglobini nzuri haionyeshi kwamba kansere haiko.

Kwa hiyo, damu ya choo inayorudi baada ya dawa, choo kilichobadilika wiki nyingi, kukonda bila sababu: usinunue dawa ya amiba mara ya tatu. Nenda kwa daktari, umwambie yote. Na kama baba, mama ao ndugu yako aliugua kansere hii, sema pia, hata kama haujisikii vibaya.

Ninaomba mkutano ukubali jambo moja: sanduku lilipe egzame ya kwanza ya mwanachama mwenye dalili hizi. Tulilipa jeneza bila kubishana; tulipe na hii. Ninyi wafazili, musitutumie vipimo vya Marekani. Tusaidieni na vipimo vya damu iliyofichama ndani ya choo, na feza za kamera kwa wale watakaoihitaji.

Mwenye haya ya kusema mbele ya watu, anikute pembeni leo, kisha mkutano. Nitakuwa pale mpaka wa mwisho.