Usinyamaze Darasani

Ukijaaliwa kwenda masomo ya kiangazi ng'ambo, usikionee haya Kiingereza chako. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kilianzisha masomo hayo mwaka 1947. Mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na hata wenyeji wenyewe hiyo si lugha ya mama zao! Sasa wewe unyamaze kwa nini?

Mkumbuke Sibawayhi, Mwajemi. Inasimuliwa kwamba huko Basra alirekebishwa Kiarabu chake darasani. Hakukimbia elimu, aliishika nahau, na kitabu chake kikawa msingi wa nahau ya Waarabu.

Basi andika swali lako usiku, asubuhi uliulize. Wakicheka, ni siku moja. Usipouliza, utarudi nyumbani na cheti bila elimu.